"Inagonga": Mlio na Joto katika Injini ya Datsun 240Z

Utangulizi

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Tuliikariri methali hii shuleni kana kwamba mawingu na mvua ni kitu kimoja, ilhali mkulima yeyote wa Ukambani atakwambia kwamba yako mawingu yapitayo juu ya shamba lake wiki nzima yasidondoshe hata tone. Makala haya yanazungumzia dalili za aina hiyo katika injini ya gari kuukuu la michezo. Dalili zenyewe ni mbili: mlio usio wa kawaida na joto lipitalo kiasi. Aghalabu mwenye gari huzikuta kwa pamoja, naye akadhani kwamba ni ugonjwa mmoja. Fundi mwenye pupa huzisikia zikitajwa kwa pamoja, naye akachukua spana na kuanza kuifungua injini.

Huenda msomaji akauliza injini inatafuta nini katika jarida la Kiswahili. Jibu ni kwamba uchunguzi wa injini huanza kwa maneno. Kabla fundi hajashika chombo chochote, mwenye gari huwa amekwisha kumweleza kwa lugha jinsi gari linavyolia, linalia lini na linalia wapi. Maelezo hayo yakiwa na kasoro, kila kifanywacho baada ya hapo huifuata kasoro hiyo. Katika mfano nitakaoutoa, kitenzi kimoja tu, "inagonga", nusura kiigharimu familia moja injini nzima. Nia yangu ni kueleza jinsi milio inavyotofautishwa, jinsi joto linavyochunguzwa, na hasa jinsi ya kujua iwapo viwili hivyo vina chanzo kimoja au kila kimoja kina chake.

Gari lenyewe na injini yake

Datsun 240Z ni gari la milango miwili lililotengenezwa na kampuni ya Nissan ya Japani. Lilianza kuuzwa mwishoni mwa 1969 na likaendelea hadi 1973, lilipopokewa na 260Z. Wakenya wa umri fulani hawahitaji kuelezwa habari zake. Mnamo 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za East African Safari wakiliendesha, na mnamo 1973 Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda kwa gari la aina hiyo hiyo. Ushindi huo wa 1973 ulikuwa wa kwanza kati ya mitano ambayo Mehta aliipata katika Safari. Hadi leo, ukilipitisha gari hili mbele ya kundi la wazee, hukosi kumsikia mmoja akianza kusimulia alisimama wapi barabarani siku ile.

Injini yake huitwa L24. Ina silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, na ujazo wake ni sentimita za ujazo 2,393. Bloku ni ya chuma cha kusubu, nayo hedi, yaani sehemu ya juu inayofunika silinda, ni ya aluminiamu. Juu ya hedi mna kamshafti moja inayozungushwa na cheni iliyo mbele ya injini, na pembeni mna kabureta mbili. Mambo mawili katika umbo hili yatatufaa baadaye, kwa hivyo ninamwomba msomaji ayaweke akilini. La kwanza ni kwamba aluminiamu hutanuka kuliko chuma inapopata joto. Hedi iliyochemka kupita kiasi hupinda, na ikipinda gasketi iliyo chini yake haizibi tena. La pili ni kwamba manifoldi inayoingiza mchanganyiko wa hewa na petroli, na ile inayotoa moshi, zote ziko upande mmoja wa injini. Zinabanwa kwa safu moja ya stadi na bolti, na zinatumia gasketi moja. Gasketi hiyo ikiharibika, moshi waweza kutoka mahali pasipofaa, na hewa nayo yaweza kuingia mahali pasipofaa.

Gari ninalolitolea mfano ni la mjomba wangu, la mwaka wa 1972. Yeye huishi upande wa Nakuru, na aendapo Nairobi hupita barabara ya chini, Naivasha hadi Mai Mahiu, kisha akaupanda ukuta wa Bonde la Ufa hadi Limuru. Dalili zilipoanza, zilianzia kwenye mpando huo, karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa Kitaliano mnamo 1942. Jina la Mai Mahiu kwa Kikikuyu lina maana ya maji moto. Mjomba hachekeshwi na mzaha huo. Alimweleza fundi mambo mawili tu: gari linachemka, na injini inagonga. Fundi akainamisha sikio, akasikiliza, kisha akasema: "Mzee, hii imekula beringi. Tutoe injini."

Milio na majina yake

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tumekaririshwa tanakali za sauti tangu shule ya msingi. Tunajua mtu hulala fofofo na hunyamaza jii, na tumezijaza katika insha ili tupate alama. Ajabu ni kwamba tukisimama mbele ya injini, hazina hiyo yote hutupotea na tukabaki na kitenzi kimoja: inagonga. Injini ya L24 yaweza kutoa angaa milio sita iliyo tofauti, na kila mmoja una maana yake. Kuita yote kugonga ni sawa na mgonjwa kumwambia daktari kwamba anaumwa, kisha akanyamaza.

Kugonga kwa hakika ni mlio wa beringi ya konrodi, yaani mkono unaoiunganisha pistoni na krenki. Ni mlio mzito, wa chini, kama mtu apigaye mlango wa mbao kwa ngumi akiwa ndani ya nyumba: ngo, ngo, ngo. Hutoka chini ya injini, si juu. Sifa yake kuu ni kwamba huzidi injini inapopata moto, kwa kuwa mafuta ya injini huwa mepesi na hayawezi tena kuijaza nafasi iliyoachwa na beringi iliyolika. Aidha, hubadilika dereva anapokanyaga au kuachilia mafuta, na mara nyingi mshale wa geji ya mafuta ya injini huwa umeshuka. Mlio huu ukithibitishwa, gari halifai kuendeshwa hata kilomita moja zaidi.

Mlio wa vali ni mwingine kabisa. Huo ni wa juu, mwepesi, wa haraka, wenye mpangilio sawasawa kama cherehani ya kukanyaga. Hutokana na nafasi iliyoachwa makusudi kati ya kamshafti na vali. Katika L24 iliyopata moto, nafasi hiyo inapaswa kuwa milimita 0.25 kwa vali za kuingiza na milimita 0.30 kwa vali za ekzosi. Nafasi ikizidi, cherehani husikika. Jambo ambalo madereva wengi hawalijui ni kwamba vali inayosikika kidogo haina hatari kubwa. Yenye hatari ni ile ya ekzosi iliyobanwa mno hata isisikike kabisa, kwa sababu haifungi barabara, haipati nafasi ya kupoa, na mwisho huungua. Nimewahi kumwona mtu akishangilia ukimya wa injini yake baada ya kurekebishiwa vali. Miezi michache baadaye alirudi na silinda moja isiyofanya kazi.

Mlio wa cheni husikika mbele ya injini, nyuma ya feni, nao ni kama njuga za miguuni mwa mchezaji ngoma. Pampu ya maji iliyochoka huvuma au hukwaruza, na ukiushika mhimili wa feni injini ikiwa imezimwa, unaweza kuuyumbisha kwa mkono. Mkanda wa feni uliolegea hulia kwii pale tu dereva anapokanyaga mafuta kwa ghafla. Pistoni iliyo huru ndani ya silinda hupiga mlio wa bapa asubuhi, kisha mlio hupungua pistoni inapotanuka.

Milio miwili inastahili maelezo marefu zaidi kwa kuwa ndiyo iliyomo katika kisa chetu. Wa kwanza ninauita kutatarika. Ni kama bisi zikikaangwa katika sufuria iliyofunikwa, au kokoto zikitikiswa ndani ya mkebe. Hutokea injini inapobebeshwa mzigo, hasa mpandoni, gia ikiwa kubwa kuliko inavyofaa. Sababu yake ni kwamba mchanganyiko wa petroli na hewa hauungui kwa utaratibu kuanzia kwenye plagi, bali sehemu yake hulipuka yenyewe kwa kishindo. Huchochewa na petroli duni, na cheche inayotangulia mno, na mchanganyiko wenye hewa nyingi kuliko petroli, na pia joto la injini lenyewe. Tazama basi utata uliopo: kutatarika huleta joto, na joto huleta kutatarika. Anayesikia mlio huu na kuona mshale wa joto umepanda hawezi kusema lipi ni mama na lipi ni mtoto kwa kutazama mara moja.

Wa pili ni kualika. Kiswahili husema vidole huaalika mtu anapovikunja. Mlio wa ekzosi inayovuja ni wa namna hiyo, mkavu, ta, ta, ta, wenye pumzi ndani yake. Moshi wenye shinikizo hupenya kati ya manifoldi na hedi kila silinda inapotoa. Katika injini za L24, mahali pa kutazama kwanza ni nchani mwa manifoldi ya ekzosi, mbele na nyuma, kwani stadi za huko hukatika kutokana na chuma kutanuka na kusinyaa mara kwa mara. Sifa ya mlio huu ni kinyume cha ile ya beringi: huwa mkali asubuhi injini ikiwa baridi, kisha hufifia chuma kinapotanuka na kuziba ufa.

Mtego wa plagi

Fundi wa mjomba hakuwa mjinga, na ninataka hili lieleweke. Alifanya jaribio linalokubalika katika ufundi. Injini ikinguruma polepole, alichomoa waya wa plagi moja baada ya nyingine akisikiliza. Kanuni yenyewe ni kwamba silinda ikinyimwa cheche, haina mlipuko wa kuisukuma pistoni, na kwa hivyo beringi iliyolika haigongi kwa nguvu. Alipoifikia silinda ya sita, iliyo nyuma kabisa, mlio ulipungua waziwazi. Akahitimisha kwamba beringi ya konrodi ya sita imekwisha.

Lakini silinda isiyo na mlipuko haina pia moshi wenye shinikizo. Kama ekzosi inavuja penye silinda ya sita, mlio wake utapungua vivyo hivyo waya wa sita unapochomolewa. Jaribio hilo hukueleza ni silinda ipi. Halikuelezi ni kifaa kipi. Kwa maneno mengine, lilijibu swali la "wapi", naye fundi akalichukua kuwa jibu la "nini".

Swali la "nini" lilihitaji maswali mengine ambayo hayakuulizwa. Je, mlio ulikuwa mkali zaidi lini, asubuhi au baada ya safari? Mjomba alipoulizwa hatimaye, alijibu pasi na kusita kwamba asubuhi majirani huamka kwa ajili yake, ilhali baada ya dakika kumi hausikiki sana. Beringi haiponi kwa joto. Geji ya mafuta ya injini ilikuwaje? Haikuwa imetikisika. Tulichukua ufito mrefu wa chuma, ncha moja tukaiweka kwenye injini na nyingine sikioni, na mlio ukawa mkubwa juu, karibu na hedi, kuliko chini kwenye sampu. Mwisho tuliikata filta ya mafuta na kuikunjua karatasi yake juani. Beringi inayolika huacha humo vipande vidogo vya metali vinavyometameta. Hatukuona hata kimoja. Badala yake, tulipomulika tochi nyuma ya manifoldi, tuliona masizi meusi yamejichora kama unyoya kwenye aluminiamu, na kichwa cha stadi ya mwisho hakikuwepo.

Iwapo mjomba angesema tangu mwanzo "inaalika asubuhi" badala ya "inagonga", sidhani kwamba injini ingetajwa kutolewa.

Joto na mwinuko wa nchi

Tuje sasa kwenye joto, ambalo katika nchi yetu lina jambo lisilofikiriwa vya kutosha. Vitabu vya magari vilivyotoka ng'ambo huandikwa kana kwamba dunia yote iko usawa wa bahari. Maji matupu huchemka kwa nyuzi 100 za sentigredi kule Mombasa. Nairobi, iliyo juu ya bahari kwa takribani mita 1,700, huchemka yakikaribia nyuzi 94 au 95. Limuru, penye mita zipatazo 2,200, huchemka kwa takribani nyuzi 93. Sababu ni kwamba hewa inayoyakandamiza maji hupungua kadiri tupandavyo.

Gari hujikinga na hali hii kwa kifuniko cha rejeta. Kifuniko si kizibo tu. Kina springi inayoyazuia maji kutoka mpaka shinikizo lifikie kiwango fulani, ambacho kwa 240Z ni kilo 0.9 kwa kila sentimita mraba. Shinikizo hilo likiongezwa juu ya lile la hewa, maji ya Mombasa hayachemki mpaka takribani nyuzi 118, na ya Limuru mpaka takribani nyuzi 114. Sasa tuchukulie kwamba springi imechoka na kifuniko hakishiki chochote. Dereva wa Mombasa hurudi kwenye nyuzi 100 zake, na kwa kuwa injini yenye afya hufanya kazi kwenye nyuzi themanini na kitu hadi tisini, huenda asijue kwamba ana kifuniko kibovu. Dereva wa Limuru hurudi kwenye nyuzi 93. Thamostati ya kawaida ya gari hili huanza kufunguka kwa nyuzi 82, na hufunguka kabisa joto linapokaribia 95. Maana yake ni kwamba huko juu maji yatachemka kabla hata mlango wake haujafunguka wote. Kifuniko cha bei nafuu kuliko vyote katika mfumo mzima ndicho kinachoamua iwapo gari litafika.

Fauka ya hayo, hewa ya huko juu ni nyepesi, kwa hivyo kila pumzi inayopita katika rejeta huchukua joto dogo zaidi. Ongeza malori ya mizigo yanayotambaa mpandoni, nawe nyuma yao kwa gia ya pili. Upepo wa mwendo haupo, na kinachobaki ni feni peke yake. Hapa pana kanuni ninayoiona kuwa na manufaa kuliko nyingi: gari linalochemka likiwa polepole au limesimama, na kupoa likienda kasi barabara tambarare, tatizo lake huwa upande wa hewa, yaani feni, mkanda, au ile ngao ya kuielekezea feni upepo ambayo mafundi huitoa na kusahau kuirudisha. Linalochemka kwa kasi kubwa, tatizo lake huwa upande wa maji: rejeta iliyoziba, pampu iliyolika, au mpira wa chini unaojikunja na kujifunga pampu inapovuta. Gari la mjomba lilichemka mpandoni, lakini lilikuwa limeanza pia kupanda joto kwenye tambarare ya Naivasha. Kwa hivyo hatukuweza kuuondolea lawama upande wowote.

Kisha lipo lile jambo la thamostati. Kifuniko cha thamostati kilipofunguliwa, ndani hamkuwa na kitu. Fundi fulani wa zamani alikuwa ameitoa, kama ilivyo desturi ya karakana nyingi nchini, kwa hoja kwamba nchi yetu ina joto na haina haja nayo. Ninaipinga desturi hii, na si kwa sababu tu kwamba injini inayofanya kazi baridi hulika haraka na hula petroli. Thamostati ikitolewa, mshale hukaa chini mno katika safari za kawaida. Rejeta ikianza kuziba kidogo kidogo, mshale hupanda kutoka chini mno hadi kawaida, na mwenye gari hufurahi kwamba mambo ni sawa. Miaka kadhaa ya kuziba hufichika humo. Rejeta ya mjomba ilipopelekwa kwa fundi wa jua kali anayejua kazi yake, akaufumua mfuniko wa tangi la juu kwa moto, tuliona mirija ya katikati imejaa mawe meupe. Gari lilikuwa likijazwa maji ya kisima yenye chumvichumvi, bila dawa ya kuzuia kutu, kwa muda ambao hakuna aliyeweza kuukumbuka. Bahati ni kwamba rejeta za magari haya ni za shaba, na shaba husafishwa kwa ufito na kulehemiwa upya.

Kabla ya kuamua kwamba tatizo ni rejeta au kifuniko, ni lazima gasketi ya hedi iondolewe shaka, maana joto la chanzo hicho halitibiki kwa maji. Ishara zake zinajulikana: mapovu yasiyokoma rejetani injini ingali baridi, mafuta ya injini yenye rangi ya chai ya maziwa, moshi mweupe usiokwisha hata gari likipata moto, au silinda mbili zilizopakana kuwa na mgandamizo mdogo kuliko wenzake. Tulizipima zote sita, na tofauti yake ilikuwa ndogo.

Ninaongeza tahadhari mbili. Kifuniko cha rejeta hakifunguliwi injini ikiwa na moto. Maji yaliyozuiwa kuchemka kwa shinikizo huchemka yote kwa pamoja shinikizo linapoondoka, na wapo watu wenye makovu ya kushuhudia. Pia, mshale wa joto ukipanda mno kisha ukashuka ghafla bila sababu, dereva asishangilie. Huenda maji yamekwisha na kipimo kimebaki hewani bila cha kukipasha joto.

Kipi kilitangulia?

Tumebakiwa na mlio wa tatu. Mbali na kualika kwa asubuhi, mjomba alikuwa akisikia pia kutatarika mpandoni, ila vyote viwili alikuwa ameviita kugonga. Kutatarika huko na joto, kipi kilikuwa mama?

Njia ya kujibu ni rahisi, ingawa inahitaji subira na abiria mwenye daftari. Tulipanda tena kutoka Mai Mahiu, kabla ya kutengeneza chochote isipokuwa kujaza maji, tukiwa tumebeba mitungi miwili. Kazi yangu ilikuwa kuandika saa, mahali mshale ulipo, na mlio. Mshale ulianza kupanda dakika kadhaa kabla kutatarika hakujasikika. Tulipoegesha na kuiacha injini ipoe, kisha tukaondoka tena kwa gia ileile, mlio haukuwepo mpaka mshale ulipopanda tena. Laiti cheche ingekuwa imetangulia mno, kutatarika kungesikika tangu mguu wa kwanza wa mpando, injini ikiwa na joto lake la kawaida. Kwa hivyo joto ndilo lililotangulia, na mlio ukafuata.

Hata hivyo, jibu hilo halikuwa kamili, na hapa ndipo gasketi ile moja ya manifoldi inaporudi. Tulipozitoa plagi zote sita na kuzipanga juu ya gazeti, tano zilikuwa na weusi wa masizi, jambo la kutarajiwa kwa gari la kabureta katika nyanda za juu, ambako hewa ni nyepesi na petroli huelekea kuzidi. Ya sita ilikuwa nyeupe kama chokaa. Weupe huo ni ishara ya silinda inayopata hewa nyingi kuliko petroli. Asubuhi iliyofuata, manifoldi ikiwa bado baridi, tuliwasha injini na kuupaka mafuta mazito kwa brashi kwenye ungio la silinda ya sita. Mngurumo ulibadilika papo hapo, kisha ukarudi ulivyokuwa mafuta yaliponyonywa. Gasketi ilikuwa ikivujisha moshi kwa chini na kunyonya hewa kwa juu. Silinda ya sita ilikuwa ikiungua kwa moto mkali kuliko wenzake, na yamkini ndiyo iliyotatarika kwanza.

Kwa hiyo dalili mbili za mjomba zilikuwa na vyanzo vitatu: kifuniko kisichoshika, rejeta iliyoziba, na stadi iliyokatika. Viwili vya kwanza vilileta joto, cha tatu kilileta kualika, na vyote kwa pamoja vilileta kutatarika. Beringi haikuhusika. Kisiki cha stadi kilitolewa kwa kulehemu nati juu yake na kuizungusha polepole, kazi iliyochukua alasiri nzima. Gasketi mpya iliwekwa baada ya uso wa manifoldi kusawazishwa. Thamostati ya nyuzi 82 ilirudishwa mahali pake, na maji yakajazwa pamoja na dawa ya kuzuia kutu, gari likiwa limeegeshwa pua juu ili hewa iliyofungika itoke.

Tuliupanda ukuta tena Jumamosi moja, nyuma ya lori la saruji. Mshale ulipanda kidogo penye kona za katikati, ukasimama, na haukuvuka hapo hadi Limuru. Hatukusikia bisi. Umebaki mlio mmoja ambao mjomba ameukubali: injini inapowashwa asubuhi, njuga husikika mbele kwa sekunde mbili, mpaka mafuta yafike kwenye kikaza-cheni, kisha hunyamaza. Ameuandika katika daftari lake pamoja na tarehe. Hakuandika kwamba inagonga.